Jinsi ya kusevu makala za mtandaoni uzisome hata bando likiisha: mwongozo kamili wa simu na kompyuta

Watu wengi wakisema "nimeisevu hiyo makala" huwa wamesevu anwani yake tu. Wamebonyeza nyota, wamejitumia linki WhatsApp, au wameacha kichupo wazi wakitumaini watakirudia. Bando likikata, nyota ipo, linki ipo, makala haifunguki. Au bando lipo, lakini gazeti limebadilisha tovuti yake na kila linki ya zamani inakurudisha ukurasa wa mbele.

Hili la pili ni la kawaida kuliko tunavyodhani. Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitoa matokeo ya uchunguzi wa kurasa zilizokuwepo mtandaoni mwaka 2013: asilimia 38 zilikuwa hazipatikani tena miaka kumi baadaye. Blogu zetu za Kiswahili sioni kwa nini ziwe salama zaidi. Mwenye blogu akiacha kulipia jina la tovuti, kila alichoandika kinaondoka nalo.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja. Ukishahifadhi makala, weka simu kwenye hali ya ndegeni au zima Wi-Fi ya kompyuta, kisha ifungue. Ikifunguka yote, maneno na picha, unayo. Isipofunguka, ulichonacho ni anwani. Fanya jaribio hili mara ya kwanza unapotumia njia yoyote kati ya zinazofuata, hata kama nimekuhakikishia inafanya kazi, kwa sababu vivinjari hubadilishwa kila baada ya wiki chache na vitufe huhama.

Kwanza acha ukurasa ujae

Nakala nyingi huharibika kabla hata ya kitufe cha kuhifadhi kuguswa. Tovuti za habari siku hizi hazishushi picha zote kwa mkupuo; picha hushuka pale msomaji anapoifikia. Ukihifadhi ukiwa bado kwenye kichwa cha habari, chini utakuta maboksi ya kijivu mahali pa picha na ramani. Fuata utaratibu huu:

1. Kama umeikuta makala ndani ya Facebook, itoe huko kwanza. Linki ukiigusa mle hufunguka kwenye kidirisha cha programu yenyewe, ambacho hakina zana karibu zote tutakazotumia hapa. Gusa vitone vitatu vya kidirisha hicho, kisha chagua kuifungua kwenye Chrome au kivinjari unachotumia.
2. Gusa "Soma zaidi" au "Endelea kusoma" kama ipo. Baadhi ya tovuti hukupa aya tatu na kuficha zilizobaki, na kisichoonekana mara nyingi hakihifadhiwi.
3. Funga tangazo la vidakuzi na lile boksi la kukuomba ujiunge na jarida lao kwa barua pepe. Hili watu hulipuuza, halafu wanajuta. Nakala iliyohifadhiwa kwa kawaida haibebi programu ndogo zinazoendesha ukurasa, kwa hiyo boksi lililokaa juu ya maandishi wakati wa kuhifadhi litabaki hapo daima, na alama yake ya X haitafanya kazi.
4. Telezesha polepole hadi mwisho wa makala, subiri sekunde chache, rudi juu.

Makala iliyokatwa vipande vya "ukurasa 1, 2, 3" itafutie kitufe cha kuchapisha au cha kuona yote kwa pamoja. Kisipokuwepo, hifadhi kila kipande peke yake. Inachosha, lakini hakuna mkato.

Simu ya Android

Chrome inayokuja na simu inatosha kwa mahitaji ya kila siku. Ukurasa ukishajaa:

1. Gusa vitone vitatu vilivyo juu kulia.
2. Juu ya menyu kuna safu ya alama ndogo. Gusa mshale unaoelekea chini.
3. Siku ya kusoma, rudi kwenye vitone vitatu, chagua "Vipakuliwa", na makala iko hapo.

Kuna ujanja mmoja ambao wenye bando la kubahatisha wanapaswa kuujua. Ukiwa kwenye Wi-Fi ya ofisini au chuoni, fungua ukurasa wa mbele wa gazeti, kisha badala ya kufungua habari moja moja, shikilia kidole juu ya kichwa cha habari mpaka menyu itokee, uchague "Pakua kiungo". Chrome itaishusha habari hiyo nyuma ya pazia. Rudia kwa habari nyingine. Dakika tano kabla ya kutoka kazini zinakupa usomaji wa foleni nzima ya kutoka Posta hadi Mbagala. Upungufu wake ni kwamba hukuutelezesha ukurasa, kwa hiyo baadhi ya picha zinaweza kukosekana. Maneno kwa kawaida huja kamili, na kwa habari za siku hilo halina shida.

Wanaotumia Opera Mini, na bado ni wengi kwa sababu hubana data, wana kitu hichohicho: kwenye menyu ya ukurasa kuna chaguo la kuhifadhi kwa kusoma nje ya mtandao, na kurasa hukusanywa sehemu moja ndani ya programu. Kwa maandishi ni njia nzuri sana. Kwa makala yenye ramani au majedwali ya takwimu ningetumia Chrome, maana kubana kule hula ubora wa picha.

iPhone

Safari ina orodha ya kusoma tangu mwaka 2011. Gusa alama ya kushiriki, ile ya kisanduku chenye mshale wa kupanda, kisha "Add to Reading List". Lakini hapo hujamaliza. Nenda kwenye mipangilio ya Safari, shuka hadi sehemu ya orodha ya kusoma, washa "Automatically Save Offline". Bila swichi hiyo, orodha inaweza kukuachia anwani tupu, na utagundua ukiwa safarini.

PDF, na namna ya kuifanya isomeke kwenye simu

PDF ndiyo ninayoipendekeza kwa kitu utakachomtumia mtu mwingine. Kila simu inaifungua, WhatsApp inaipitisha, steshenari yoyote inaichapisha. Kwenye Chrome ya Android gusa vitone vitatu, "Shiriki", kisha "Chapisha", na badala ya kuchagua printa chagua "Hifadhi kama PDF". Kwenye kompyuta ni Ctrl+P na chaguo hilohilo. Kwenye iPhone, piga picha ya skrini ukiwa Safari, gusa ile picha ndogo inayobaki pembeni, chagua "Full Page", uihifadhi kama PDF.

Lawama kubwa dhidi ya PDF ni kwamba kwenye skrini ya simu maandishi huwa madogo kama siafu, mpaka uvute kwa vidole viwili na kusogeza kushoto na kulia kila mstari. Sababu ni ukubwa wa karatasi. Kivinjari huchukulia kwamba unachapisha kwenye A4, kwa hiyo hupanga mistari mirefu ya upana wa A4, na simu inalazimika kuibana yote iingie kwenye skrini yenye upana wa vidole vinne. Dawa iko kwenye dirisha lilelile la kuchapisha: kwenye ukubwa wa karatasi, badilisha A4 iwe A5, au A6 kama ipo. Mistari inakuwa mifupi, kurasa zinaongezeka, na maandishi yanasomeka bila kuvuta. Ni mabadiliko ya sekunde tatu ambayo sijui kwa nini hayasemwi zaidi.

La pili la kufanya kabla ya kutengeneza PDF ni kuwasha hali ya kusoma, inayoondoa matangazo, menyu na "habari nyingine zinazofanana" na kukuachia makala peke yake. Kwenye Firefox ya Windows na kwenye Edge bonyeza F9. Kwenye Firefox ya simu gusa alama ya kitabu iliyo kwenye upau wa anwani. Safari nayo inayo tangu 2010. Angalia tu kwamba hali hii haijakata kitu, kwani hutumia kanuni za kukisia ni wapi makala inaanzia na kuishia, na mara nyingine huangusha jedwali au picha iliyokaa pembeni. Ikiangusha, hifadhi ukurasa wa kawaida.

Kwenye kompyuta, dirisha la kuchapisha la Chrome lina mipangilio zaidi iliyofichwa chini. Ifungue, weka tiki kwenye "Headers and footers". PDF yako itabeba jina la makala, anwani ya tovuti na tarehe uliyoihifadhi kwenye kila ukurasa. Wengi huondoa tiki hiyo ili karatasi ionekane safi, kisha mwaka ukipita hawajui maandishi yale yalitoka wapi.

Kompyuta: Ctrl+S na mtego wake

Kila kivinjari kina Ctrl+S. Ukiibonyeza kwenye Chrome utapewa aina tatu za kuhifadhi. Ya kwanza huhifadhi maandishi tu. Ya pili, inayoitwa kamili, hutoa vitu viwili: faili la ukurasa, na folda pembeni yake yenye jina lilelile na neno "files" mwishoni, iliyojaa picha. Vitu hivi viwili havipaswi kutenganishwa. Ukimtumia mtu faili bila folda, atapata makala iliyovuliwa picha na mpangilio. Aina ya tatu huweka kila kitu kwenye faili moja la MHTML. Hilo ni zuri kwa anayetumia Chrome au Edge, ila Firefox haiwezi kulifungua.

Kwa sababu hiyo, kwa makala ninayotaka idumu, natumia kiendelezi, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari, kinachoitwa SingleFile. Ni cha bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua, mtengenezaji wake ni Gildas Lormeau, na kipo kwa Chrome, Edge na Firefox. Kinapatikana hata kwenye Firefox ya Android, ambayo tangu Desemba 2023 imefungulia mlango viendelezi vingi vya kompyuta. Kukitumia ni hivi:

1. Ingia duka la viendelezi la kivinjari chako, tafuta SingleFile, hakikisha jina la mtengenezaji, sakinisha.
2. Kwenye Chrome, gusa alama ya kipande cha fumbo iliyo juu kulia na ubandike SingleFile ionekane muda wote.
3. Fungua makala, acha ijae kama tulivyosema, kisha bonyeza alama ya kiendelezi mara moja. Utaona hesabu ikisonga juu yake kadiri inavyokusanya picha na mitindo ya maandishi.
4. Faili moja la HTML, aina ambayo vivinjari hufungua, litashuka kwenye folda ya vipakuliwa, likiwa na jina la makala na tarehe.

Faili hilo linajitegemea. Linafunguka kwa kivinjari chochote, simu au kompyuta, na maneno yake yanatafutika. Ukilifungua kwa Notepad, mistari ya mwanzo kabisa utakuta anwani ya ukurasa wa asili pamoja na tarehe na saa uliyouhifadhi, kwa hiyo hata ukibadilisha jina la faili mara kumi, chanzo hakipotei.

Ukibofya alama yake kwa kitufe cha kulia cha kipanya utapata mengine: kuhifadhi sehemu uliyoichagua tu, kuhifadhi vichupo vyote kwa mpigo mmoja, na kile ninachokipenda zaidi, kuweka maoni kabla ya kuhifadhi. Hapo unapiga rangi mistari muhimu, unabandika vijikaratasi vya maelezo, unafuta kipande cha tangazo kilichokukera, na ndipo unahifadhi. Mwalimu anayeandaa usomaji kwa darasa au wakili anayefuatilia mabadiliko ya kanuni atalipenda hilo.

Gharama yake ni ukubwa wa faili. Picha hugeuzwa herufi ili ziingie ndani ya HTML, na mgeuzo huo huongeza ukubwa wa kila picha kwa karibu theluthi. Kwa makala ya kawaida hutahisi. Kwa ukurasa wenye picha hamsini za harusi ya mtu maarufu, utahisi.

Kuhamishia kwenye simu, tumia waya, Bluetooth, au jitumie WhatsApp, mradi utume kama hati. Na usisahau kupima kwa hali ya ndegeni.

Orodha za kusoma na huduma za akaunti

Chrome ya kompyuta ina kitu kinachoitwa orodha ya kusoma. Jina zuri, ila kwenye kompyuta hushika anwani tu. Itumie kupunguza vichupo, usiitegemee kwa lingine.

Zipo pia huduma zinazokuomba ufungue akaunti, kisha makala yoyote unayobonyeza inasafishwa na kutokea kwenye simu na kompyuta yako kwa pamoja. Ni raha kuzitumia. Maarufu kuliko zote ilikuwa Pocket, iliyoanza mwaka 2007 kama kiendelezi cha Firefox kwa jina la Read It Later. Mozilla waliinunua mwaka 2017, wakaizima tarehe 8 Julai 2025. Watumiaji walipewa muda wa kushusha orodha zao, lakini walichoshusha kilikuwa majina ya makala na anwani. Maandishi yenyewe hayakuwemo. Aliyekuwa amekusanya kwa miaka kumi alibaki na lundo la linki, na sehemu yake zilishakufa. Omnivore, iliyokuwa ya bure na ya msimbo wazi, nayo ilifungwa Novemba 2024.

Zilizopo zinafaa. Instapaper ipo tangu 2008. Wallabag ni ya msimbo wazi na mwenye ujuzi kidogo anaweza kuiendesha kwenye seva yake mwenyewe. Ushauri wangu: huduma hizi ziwe foleni ya usomaji wa wiki hii. Kinachopaswa kukaa miaka, kishushe kiwe faili mkononi mwako.

Ukitaka na wengine waione

Mwanafunzi anayeandika tasnifu, au mwandishi anayenukuu tangazo la taasisi, anahitaji nakala ambayo mtu mwingine anaweza kuikagua. Faili la kwenye laptop yako halithibitishi kitu kwa msimamizi. Ingia web.archive.org/save, bandika anwani ya ukurasa, bonyeza kuhifadhi, subiri. Internet Archive, shirika lisilo la faida la San Francisco lililoanza mwaka 1996, litatengeneza nakala yenye tarehe na saa, na litakupa anwani ya kudumu ya kuweka kwenye marejeo yako. Kurasa zinazohitaji kuingia kwa nywila haziwezi kuhifadhiwa hivyo. Na kumbuka kwamba nakala hiyo ni ya hadharani, kwa hiyo usibandike linki ya siri, kama ile ya hati uliyoshirikiwa na mwenzako.

Mwanafunzi huyohuyo namshauri pia asakinishe Zotero, programu ya kutunza marejeo, na kiendelezi chake cha kivinjari. Kitufe kimoja kinachukua jina la mwandishi, tarehe, chapisho na nakala ya ukurasa, na wakati wa kuandika marejeo kazi imeshafanyika nusu.

Majina na folda

Makala thelathini za kwanza hazihitaji mpangilio. Za mia moja zinahitaji. Anza jina la faili na mwaka, mwezi, siku, kisha chanzo, kisha maneno mawili ya mada: 2025-03-14_mwananchi_bei-korosho. Mwaka ukitangulia, kompyuta inazipanga kwa mfuatano wa tarehe bila wewe kufanya lolote. Folda mbili zinatosha: moja ya kusoma, nyingine ya kutunza. Ukimaliza kusoma, makala inahamia ya pili au inafutwa. Na kilichokaa kwenye ya kwanza miezi mitatu bila kuguswa, futa bila huruma; hukukihitaji.

Yasiyohifadhika, na ya kuangalia

Video haziji kwa njia hizi, wala ramani za kubofya, wala michoro inayobadilika ukigusa. Kama kiini cha makala ni mchoro wa namna hiyo, piga picha ya skrini ya kila hali unayoihitaji.

Ukihifadhi ukurasa ukiwa umeingia kwenye akaunti yako, nakala inaweza kubeba jina lako, barua pepe yako, hata kiasi kilicho kwenye akaunti. Itazame vizuri kabla ya kuituma kwa kundi. Na makala ya gazeti la kulipia uliyoihifadhi kwa matumizi yako iache iwe yako. Rafiki mtumie linki; waandishi wale nao wana kodi ya nyumba.

Kabla ya kubadilisha simu

Hapa ndipo makusanyo mengi hupotelea. Mafaili ya PDF na HTML ni mepesi kuhamisha: nakili folda nzima kwenye kadi ya kumbukumbu au flashi, kisha fungua matatu au manne kutoka huko kuhakikisha yamefika yote. Kurasa zilizohifadhiwa ndani ya Opera Mini au kwenye orodha ya Safari ni habari nyingine, kwa sababu zinakaa ndani ya programu na hakuna faili la kunakili. Pitia orodha hizo ukiwa bado na simu ya zamani mkononi, chagua chache unazozithamini kweli, zitolee PDF ya A5, halafu ndiyo uifute simu.